Je wajua kwa nini skida ya zamani (trekta la kuburuta magogo msituni) inavuta magogo asubuhi halafu ikifika saa tano inagoma?

Ukipita Mufindi, Iringa, mwezi wa sita au wa saba hili swali utalikuta lenyewe. Kule kwenye msitu wa Sao Hill asubuhi baridi inakata masikio, mafuta ya kula yale ya mawese yanaganda kwenye ndoo mpaka uyasogeze karibu na jiko, na ile skida kuukuu ya kuvuta magogo ya paini inawaka, inaingia gia, inapanda mlima na mzigo wake kama imenunuliwa juzi. Ngoja sasa saa tano, mashine imechemka, opareta anaweka gia ya mbele anakanyaga mafuta, injini inanguruma matairi yametulia tuli. Wanaizima, wanakula, wanapiga stori, baada ya saa nzima inatembea tena. Nimeshasikia watu wakisema ina jini. Haina jini, haina presha ya oili tu.

Iko hivi. Giaboksi za powashifti, zile za kubadili gia bila kukanyaga klachi, zinabanwa na oili. Pampu inafyonza oili chini kwenye sampu (tangi la oili), inaipitisha kwenye filta, inaipeleka kwenye valvu, na valvu ndo inaamua klachi ipi ijazwe. Oili ikiingia nyuma ya pistoni inasukuma pleti za klachi zibanane, zikibanana mashine inaenda. Chukua pistoni yenye eneo la sentimita 100 za mraba, kwa presha ya bar 20 inabana kwa nguvu ya kama tani 2. Presha ikishuka mpaka bar 10 umebaki na tani 1, na gogo ni lilelile, mlima ni uleule, kwa hiyo pleti zinaanza kuteleza, zikiteleza zinatoa moto, moto unazidi kuilainisha oili, presha inashuka tena, basi hapo unaunguza pleti huku unaziangalia.

Oili ya SAE 30 (namba hiyo ni ya uzito wa oili) ikitoka nyuzi joto 40 ikafika 100 inakuwa nyepesi kama mara 8 hivi. Pampu iliyolika na sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) zilizochoka bado zinaizuia ikiwa nzito, ikishakuwa kama maji inapenya kila mahali. Yaani asubuhi uchakavu wote umefichwa na baridi. (Kuna kesi ya kinyume pia, asubuhi inasita ikipata moto inakaa sawa, hiyo mara nyingi ni sili zimekakamaa kama ngozi kavu.)

Sasa mafundi wengi hapo wanakimbilia kushusha giaboksi. Mi nasema tafuta geji kwanza. Kuna plagi za kupimia presha kwenye valvu, funga geji, pima ikiwa ya baridi, andika, kisha pima imechemka, linganisha na namba za kitabu cha mashine yenyewe. Ikishuka kwenye gia zote, kosa liko mwanzoni, pampu, chujio la sampu limeziba au valvu ya kudhibiti presha imekwama. Ikishuka kwenye gia moja tu, kumbuka mashine hizi kwa kawaida zinashika klachi mbili kwa pamoja, moja ya uelekeo na moja ya spidi. Kwa hiyo mbele ikigoma gia zote ila rivasi inavuta, klachi ya mbele hiyo. Namba mbili ikigoma mbele na nyuma, klachi ya namba mbili. Presha ikiwa safi halafu bado inateleza, pleti zimeisha au toki konveta (kile kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili) imechoka.

Na filta usiitupe, ikate uangalie ndani. Unga wa rangi ya dhahabu ni pleti za shaba, alumini mara nyingi inatoka kwenye toki konveta, vipande vya mpira ni sili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, shuku kipoza oili kilichomo kwenye rejeta, na usiendelee kuiendesha maana kuna pleti zilizobandikwa karatasi badala ya shaba, na maji yanabandua gundi yake. Ikiwa na povu na pampu inalia, inavuta hewa. Halafu hii tabia ya kujaza oili yoyote iliyobaki dukani inaniudhi sana, Caterpillar kwa mfano wana kiwango chao TO-4 kwa ajili ya giaboksi hizi, oili ya injini ya gari dogo inaweza kufanya pleti ziteleze hata presha ikiwa nzuri.

Kuna skida moja niliiona imeshushwa giaboksi mara mbili, pleti mpya, sili mpya, saa tano inagoma vilevile. Geji ilipofungwa presha ikawa inaporomoka kwenye gia zote kila ikichemka, pampu ikabadilishwa, wapi. Mwishowe kijana mmoja akaishika hozi ya kufyonza, ile nene inayotoka sampu kwenda kwenye pampu, injini ikiwa inawaka. Ilikuwa laini kama chapati, ikipata moto inajikunja ndani kwa ndani pampu inakosa oili, ikipoa inarudi duara na nje huoni kitu. Ikawekwa hozi mpya na klempu mbili, na saa nane mchana, jua kali, skida ikatoka korongoni na magogo yake manne.