Nani Mwenye Haki? Kufuatilia Hakimiliki ya Rekodi ya Muziki wa Majaribio

Mwaka 1964 kampuni ya Columbia Records ya Marekani ilitoa santuri yenye kazi za watunzi waliotumia kituo cha muziki wa kielektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, mjini New York. Miongoni mwake imo "Leiyla and the Poet", iliyotungwa mwaka 1959 na Halim El-Dabh, Mmisri aliyekuwa amekwisha kuanza majaribio ya aina hiyo mjini Cairo mwaka 1944, aliporekodi ngoma ya pepo ya zar kwa mashine ya kurekodi sauti juu ya waya na kuzigeuza sauti zake studioni. Mtu anayetaka kuitoa upya kazi hiyo, au kuitumia katika filamu, amwombe nani ruhusa?

Hakimiliki ya utungo ni moja na haki ya rekodi ni nyingine, na kwa kawaida kila moja ina mwenyewe. Katika wimbo wa taarabu jambo hili halisumbui sana, kwa kuwa utungo unaweza kuimbwa tena na kikundi kingine na kurekodiwa upya, na kila mtu akaiona tofauti. Muziki wa kanda, kama kazi hii ya El-Dabh, hauko hivyo, kwani mtunzi alikata na kuunganisha utepe kwa mikono yake hadi kazi ikakamilika, na utungo na rekodi vikazaliwa pamoja juu ya utepe uleule. Ndiyo maana wengi huomba kibali kimoja wakadhani wamemaliza, na kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii.

Tuanze na rekodi. Jina Columbia lisimpeleke mtafiti chuo kikuu, kwa kuwa kampuni ya santuri haikuwa ya chuo hicho. Ilikuwa mali ya CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, tangu 1938, na mwaka 1988 ikauzwa kwa Sony. Nchini Uingereza, jina hilohilo kwenye santuri za zamani lilikuwa la EMI, kampuni nyingine kabisa. Hata hivyo, ununuzi wa kampuni hauthibitishi kwamba kila rekodi ilihamia kwa mnunuzi, kwa sababu mikataba mingine ilikuwa ya leseni ya muda tu na haki ikabaki kwa mtunzi au studio. Kinachoamua ni mkataba wa awali. Alama ya P ndani ya duara, inayoonyesha haki ya rekodi, isitafutwe kwenye jalada la 1964, maana Marekani haikuwa imeanza kuitumia, na kukosekana kwake hakumaanishi kwamba rekodi ni huru. Sheria iliyopitishwa nchini humo mwaka 2018 inazilinda rekodi zilizotolewa kuanzia 1957 hadi 14 Februari 1972 mpaka tarehe 15 Februari 2067.

Utungo una njia yake. Kabla ya 1978 ofisi ya hakimiliki ya Marekani haikupokea kanda kama nakala ya utungo wa muziki. Ilitaka noti au mchoro unaosomeka kwa macho. Basi katika daftari za usajili mtafiti aulizie karatasi, na akikosa asidhani kwamba hakuna haki. Utungo ambao ulikuwa haujachapishwa wala kusajiliwa kufikia 1978 hulindwa huko kwa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada yake. El-Dabh alifariki mwaka 2017, hivyo hesabu inafika mwisho wa 2087, na wa kuombwa ni warithi au mchapishaji wake.

Sheria inayotumika ni ya nchi ambamo kazi itatumiwa. Nchini Kenya rekodi hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo ulinzi wa rekodi hii huko umekwisha, lakini utungo wake unalindwa hadi mwisho wa 2067. Kituo cha redio cha Mombasa bado kinahitaji kibali cha utungo.

Barua ya maombi itaje namba ya santuri, jina la kazi na matumizi yanayokusudiwa. Kampuni ikijibu kwamba haina kumbukumbu za rekodi hiyo, jibu hilo si kibali. Lihifadhiwe kwenye jalada la utafiti, kisha mtafiti awaandikie warithi kuomba nakala ya mkataba.