Hakupotea, alipotezwa: dhana potofu kuhusu waliochukuliwa na wanajeshi Mlima Elgon

"Amepotea." Ndilo neno tunalolitumia wote, hata sisi tunaowatetea, na kosa linaanzia hapo. Mtoto hupotea sokoni. Mchungaji hupotea msituni ukungu ukitanda. Lakini mwanamume aliyetolewa nyumbani kwake alfajiri, akapakiwa kwenye lori la jeshi mke na watoto wakitazama, hajapotea. Yupo aliyemfunga mikono, yupo dereva, yupo aliyempokea kambini. Kiswahili kinatupa kauli inayomfaa: alipotezwa.

Machi 2008 serikali ya Kenya ilipeleka jeshi Mlima Elgon katika Operesheni Okoa Maisha, kulisaka kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lililozaliwa na mgogoro wa ardhi ya Chepyuk. Wanaume walizolewa vijijini, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Baadhi walirudi na majeraha ya kipigo, baadhi wakafikishwa kortini Bungoma. Kuna ambao hawakuonekana tena.

"Kama hakuwa na hatia, wasingemchukua."

Msako ulikusanya karibu kila mwanamume mzima aliyepatikana, kwa hiyo kuchukuliwa hakukuthibitisha lolote. SLDF nao waliua, walikata watu masikio na kuteka wanakijiji. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya 2011, lilihesabu zaidi ya watu 300 waliopotezwa na pande zote mbili. Zipo familia zilizoumizwa na kundi hilo, kisha zikaumizwa na jeshi lililokuja kuziokoa. Na hata aliyebeba bunduki msituni alikuwa na haki ya kusimama mbele ya hakimu: katiba ya wakati ule ilitaka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku 14 kwa kosa la kunyongwa. Haikuwapa wanajeshi ruhusa ya kuamua wenyewe nani arudi.

"Ukitaka kuripoti, ngoja saa 24."

Hakuna sheria inayosema hivyo. Nenda kituoni mara moja, udai nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uandike yote mapema: saa, sare, nambari ya gari, majirani walioshuhudia. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu siku hiyo hiyo kuomba amri ya habeas corpus, yaani waliomshika wamlete mbele ya jaji. Katiba ya 2010 inasema haki hiyo haiwezi kuwekewa mipaka.

"Bila maiti hakuna kesi."

Anayeficha maiti anaitegemea sana dhana hii. Mwaka 1988 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliihukumu Honduras kwa kumpoteza mwanafunzi Manfredo Velásquez, aliyekamatwa Tegucigalpa mwaka 1981. Mwili wake haukuwa umepatikana. Mahakama iliangalia mtindo wa vyombo vya usalama vya wakati ule wa kupoteza watu, ikasema pia kwamba wajibu wa kuchunguza unaendelea maadamu hatima ya mtu haijulikani.

"Miaka imepita, kesi imekufa."

Hapa ukweli unauma, na sitaki kuupaka sukari. Mkataba wa kimataifa kuhusu kupotezwa kwa watu, uliopitishwa 2006, unahesabu muda wa mashtaka tangu siku kosa linapokoma, na kosa hili halikomi huku ukweli ukifichwa. Kenya ilitia saini mwaka 2007, lakini kutia saini si kuridhia. Mwaka 2010 shirika la haki za binadamu la Kenya, IMLU (Independent Medico-Legal Unit), lilipeleka Arusha, katika Mahakama ya Afrika Mashariki, shauri la wakazi zaidi ya 3,000 wa Mlima Elgon. Majaji wa kwanza walikubali kulisikiliza. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikalitupa: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua shauri, na majaji walikataa hoja kwamba uvunjaji huo wa haki ulikuwa bado unaendelea. Miezi miwili! Kuna wake ambao muda huo haukuwatosha hata kuzunguka magereza na mochari. Hata hivyo, kilichofungwa pale ni mlango mmoja wa mahakama moja. Uamuzi ule haukusema kwamba watu hawakuchukuliwa.

"Familia ikichukua cheti cha kifo, imekubali yaishe."

Dhana hii imewatesa wajane kuliko zote. Bila cheti, mke hawezi kurithi shamba kisheria, na basari ya yatima inakuwa ngumu kupata. Akikiomba, baadhi ya ndugu humwambia amemzika mtu aliye hai. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inaruhusu mtu asiyesikika kwa miaka saba achukuliwe kuwa amefariki. Kwa waliochukuliwa Machi 2008, miaka hiyo ilitimia 2015. Lakini hiyo ni dhana ya kisheria tu, inayoweza kupinduliwa, na haimpunguzii aliyemchukua wajibu wa kueleza alimpeleka wapi. Argentina ilitafuta njia ya tatu mwaka 1994: sheria namba 24.321 inamtambua mtu kuwa hayupo kwa sababu ya kupotezwa. Familia inashughulikia mali bila kulazimishwa kutamka kwamba amekufa. Sioni kwa nini Bunge letu lishindwe kuandika sheria kama hiyo.

"Mifupa ya zamani haiwezi kutambuliwa."

Inawezekana. Wataalamu wa Argentina walioanza kufukua makaburi mwaka 1984 bado wanarudishia familia mabaki ya watu waliouawa na utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, kwa kulinganisha vinasaba vya mifupa na damu ya jamaa. Kwa kazi hiyo, hakuna sampuli bora kuliko ya wazazi. Mama aliyekuwa na miaka 55 malori yalipopanda mlimani, leo amepita 70. Sampuli yake huchukuliwa kwa dakika chache, na inaweza kuhifadhiwa hata kabla kaburi la kwanza halijafunguliwa.