Kanda hii imepitia mikono mingapi?

Watu wakisikia ninakusanya kanda za demo (rekodi za majaribio) za bendi ya Nihilist, swali la kwanza huwa ni bei. Langu mimi ni jingine: kanda hii ilinakiliwa kutoka kanda gani, na hiyo nayo ilitoka kwenye ipi?

Kwa asiyewajua, Nihilist walikuwa vijana wa Stockholm, Sweden, waliopiga deth metali, muziki mzito wa gitaa za kishindo na sauti za kunguruma. Kati ya 1988 na 1989 walitoa demo tatu: Premature Autopsy, Only Shreds Remain na Drowned. Kisha bendi ikavunjika, na baada ya siku chache wale wale wakarudi kwa jina la Entombed, bila mpiga besi Johnny Hedlund, ambaye alikwenda kuanzisha Unleashed. Albamu ya kwanza ya Entombed, Left Hand Path, ilitoka 1990. Ndani yake umo wimbo wa Revel in Flesh, uliokuwa tayari kwenye Only Shreds Remain. Lile gitaa linalonguruma kama msumeno wa kukatia magogo ni kazi ya studio ya Sunlight ya Tomas Skogsberg, na ya kipedali cha kukwaruza sauti ya gitaa, Boss HM-2, ambacho vishikizo vyake vyote vinne vimezungushwa hadi mwisho.

Demo na rekodi ya magendo ni vitu viwili. Demo bendi yenyewe iliigawa, tena ikatamani inakiliwe. Ya magendo ni ya mtu aliyeingia ukumbini na kinasa sauti ndani ya koti, au aliyechukua demo akaichapa santuri auze. Santuri za namna hiyo sizinunui. Mkusanyiko rasmi wa demo hizi ulitoka 2005.

Zamani kanda zilisafiri kwa posta. Unatuma orodha yako, mwenzio anatuma yake, mnabadilishana. Stempu zilipakwa sabuni au gundi ili wino wa mhuri uoshwe na stempu itumike tena. Barua nyingi za enzi hizo zilimalizika kwa ombi la kurudishiwa stempu. (Posta haikufurahi, naamini.) Ubaya ni kwamba kila aliyepokea alimnakilia mwingine, na kila nakala iliongeza “ssss” yake na kufifisha matoazi.

Kuhesabu vizazi vya nakala nategemea zaidi umeme. Umeme wa Sweden huvuma kwa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, na vyombo vya studio na deki za kaseti huacha mvumo huo kwenye kanda, chini kabisa, usipousikia. Nikiingiza sauti kwenye kompyuta na kufungua picha ya masafa, naona mstari mwembamba. Ukikaa kwenye 51.5, deki fulani njiani ilikosea mwendo kwa asilimia 3: wimbo wa dakika tatu umepungua sekunde tano hivi, na gitaa limepanda karibu robo toni. Narekebisha mwendo mpaka mstari urudi 50. Nikikuta mistari miwili iliyokaribiana, najua deki mbili zimeacha alama. Na nikiona wa 60 juu yake, basi kanda ilipita Marekani, maana huko umeme huvuma kwa 60.

Mbinu hii ingeniokoa mapema. Kuna muuzaji aliniuzia “kanda halisi ya 1989”, karatasi ya jalada imekunjika vizuri, wino wa fotokopi umechakaa inavyopasa. Nikalipa pesa ambazo mke wangu hadi leo hajaambiwa. Nilipoipima, “ssss” ya kanda ilipanda juu bila shida, lakini muziki ulikatika ghafla kwenye kilohezi 16, kama ukuta. Kanda ya zamani haikatiki hivyo. Hufifia taratibu, kama mteremko. Ukuta ule ni alama ya faili la MP3, ambalo hukata sauti za juu ili liwe dogo. Mtu alipakua nyimbo intaneti, akazirudisha kwenye kaseti kuukuu, akaiuza kwa bei ya mkufu.

Siku hizi kabla sijalipa naomba faili la nusu dakika, lisilosafishwa. Anayekataa namshukuru, naachana naye.

Nikipata kanda ya kweli, sirekodi chochote kabla ya kurekebisha pembe ya hedi, kile kipande cha deki kinachosoma kanda. Kuna skrubu ndogo kando yake. Unaigeuza kwa bisibisi kidogo sana huku unasikiliza matoazi, na mahali yanapong’aa ndipo unaposimama. Hapo narekodi mara moja kwa ubora wa juu, biti 24, kilohezi 96, bila kuondoa “ssss”. Kusafisha nafanya kwenye nakala, kamwe si kwenye faili mama.

Nakala yangu bora ya Only Shreds Remain ni ya kizazi cha tatu kwa hesabu yangu, na kwenye wimbo wa Face of Evil chaneli ya kushoto inazama kwa sekunde mbili. Naitafuta ya kizazi cha pili.