Birika kubwa la umeme na kidhibiti chake: yanayosemwa na yaliyo kweli

Anayechemsha tangawizi ya kuuza, akishachoka na mkaa, huanza kufikiria birika kubwa lenye elementi ya umeme na kidhibiti cha joto atakachokifunga mwenyewe. Mpangilio wake unaeleweka: kipimajoto kimo ndani ya birika, kidhibiti kinasoma nyuzi, rilei inafungua na kufunga umeme unaokwenda kwenye elementi. Tatizo ni maneno ya vijiweni, na baadhi yake yanaua.

"Umeme ni umeme tu, mchoro wowote wa mtandaoni unafaa." Si kweli. Michoro mingi ya mabirika haya imechorwa Marekani. Kule elementi kubwa hupewa nyaya mbili za moto, kila moja volti 120, na kati yao unapata 240. Moja nyeusi, moja nyekundu. Nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, ni nyeupe. Kwetu waya wa moto ni mmoja, volti 230, na wa pili ni nyutro. Sasa tazama rangi: nyumba iliyotandazwa waya zamani, nyeusi ndiyo nyutro, iliyotandazwa karibuni, moto ni kahawia na nyutro ni buluu. Anayefuata rangi za mchoro wa Kimarekani ndani ya nyumba ya zamani ataidhania nyutro kuwa ya moto. Na elementi ya volti 120 yenye wati 1500, ukiiunga hapa, inasukumwa kuelekea wati 5500. Haidumu. Fuata mita ya kupimia volti, usifuate rangi.

"Taa ya kidhibiti imezima, basi elementi haina umeme." Hii ndiyo inayonitisha zaidi. Rilei ya kielektroniki hupenyeza umeme kidogo hata ikiwa imezimwa. Tena ikiharibika, mara nyingi hubaki ikipitisha umeme: kidhibiti kinaamuru izime, elementi inaendelea kuwaka, maji yanakauka. Kwa hiyo kabla ya rilei weka swichi inayokata nyaya zote mbili, na kabla ya kutia mkono popote chomoa plagi. Kidhibiti kazi yake ni joto; kumlinda mtu si kazi yake.

"Breka ipo, erthi ya nini?" Breka ya ampea 32 inalinda waya usiungue. Mtu anaweza kuuawa na mkondo usiofika hata sehemu ya kumi ya ampea moja, na breka hiyo isishtuke kabisa. Elementi ikitoboka ndani ya birika la chuma, birika zima linageuka waya wa moto. Kinachokuokoa ni waya wa erthi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, uliokazwa kwa boliti kwenye mwili wa birika, pamoja na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30. Na sisi tunaoishi pembeni mwa bahari, iwe Nungwi au Wete, tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Fungua ile boliti uangalie. Kichwa cha waya wa shaba kikishavaa kutu ya kijani, erthi hiyo si ya kuaminiwa. Kata kipande hicho, chuna upya, safisha, kaza.

"Rilei imeandikwa ampea 40, nitaiwekea chochote." Namba hiyo inahesabika rilei ikiwa imefungwa juu ya bati nene la kupooza joto. Kila ampea inayopita huacha takriban wati moja ya joto, na elementi ya wati 5500 huvuta karibu ampea 24. Ndani ya sanduku la plastiki lisilo na tundu, kwa joto letu la Februari, itaungua. Elementi hiyo pia si ya soketi ya kawaida, ambayo mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 3000 hivi. Inataka njia yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 4 au 6, na hiyo mwachie fundi mwenye leseni.

"Weka nyuzi 110 ichemke upesi." Maji ya wazi hapa yanaishia 100. Lita 20 kutoka nyuzi 28, kwa wati 3000, haziwezi kuchemka chini ya dakika 33, upange utakavyo. Chagua kidhibiti kinachopanga nguvu ya elementi kwa asilimia: asilimia 100 mpaka povu lianze kupanda, kisha teremsha hadi 60 hivi, tangawizi itokote bila kumwagikia nyaya.