Kuboresha Picha ya Nintendo 64: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Nintendo 64 (N64), mashine ya michezo ya video, ilitoka Japani na Marekani mwaka 1996, ikafika Ulaya mwaka 1997, na ilibuniwa kwa ajili ya televisheni za kichogo. Ikiunganishwa kwenye runinga bapa ya leo, picha yake huonekana kama imefunikwa na ukungu, na ushauri unaotolewa kuhusu kuiondoa hali hiyo mara nyingi una kasoro ileile: hausemi picha inachukuliwa wapi katika safari yake kutoka kwenye chipu hadi kwenye waya. Hapo ndipo ubora unapoamuliwa.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kisanduku cha bei nafuu cha kugeuza AV kuwa HDMI kinatosha. Ukweli ni kwamba waya wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, na kama ilivyo kwa chai iliyokwisha kutiwa maziwa, hakuna kifaa kitakachovitenganisha tena kikamilifu. Isitoshe, michezo mingi ya mashine hii hutoa mistari 240 kwa kila picha, ilhali visanduku vingi vya aina hiyo huipokea kana kwamba ni 480 inayopishana, yaani inayochorwa nusu kwa zamu, hivyo vikaongeza mtetemo wa picha na kuchelewa kwa picha kuitikia kidhibiti cha mkononi. Vigeuza picha vya mashine za zamani kama RetroTINK na OSSC vilitengenezwa kwa kuzingatia mistari hiyo 240, ndiyo maana bei yake ni ya juu.

Wengine huamini kuwa kununua waya wa RGB (unaobeba kila rangi ya msingi peke yake) wa Super Nintendo, mashine iliyoitangulia N64, kunamaliza kazi, kwa kuwa soketi za mashine hizi mbili zinafanana. Soketi zinafanana kweli, lakini pini namba 1, 2 na 4, ambazo kwenye Super Nintendo hubeba nyekundu, kijani na buluu, kwenye N64 zimeachwa bila kuunganishwa. Kinachosahauliwa ni kwamba N64 za Marekani na Japani hutoa S-Video tangu kiwandani, ambayo hutenganisha mwanga na rangi bila mtu kugusa hata skrubu moja. Kwa maoni yangu, mwenye mashine ya aina hiyo aanzie hapo.

Dhana inayowagharimu watu zaidi ni kwamba N64 zote zinafanyiwa marekebisho kwa njia moja. Mashine za mwanzo za Marekani na Japani zina chipu iliyoandikwa VDC-NUS, ambayo kazi yake ni kugeuza picha ya kidijitali kuwa RGB na kuipeleka kwenye chipu nyingine inayotengeneza ishara ya AV. Kwa kuwa RGB tayari inapita hapo, fundi huichukua kwenye miguu ya chipu, huipitisha kwenye kikuza ishara kidogo kama THS7314, kisha huifikisha kwenye zile pini tatu zilizoachwa tupu. Baadaye Nintendo iliunganisha kazi hizo mbili katika chipu moja, na RGB ikabaki imefungiwa ndani isikofikika. Kwenye mashine hizo, na nyingi za Ulaya isipokuwa zile za Ufaransa, hakuna budi kuidaka picha ikiwa bado ya kidijitali, kwenye nyaya saba nyembamba zinazopokezana kubeba rangi tatu, na kuipa bodi ya ziada inayotoa RGB au HDMI. Namba iliyo chini ya mashine hudokeza tu chipu iliyomo. Uhakika hupatikana kwa kuifungua, kwa bisibisi maalumu ya milimita 4.5, na kusoma maandishi ya chipu.

Je, HDMI ya ndani huongeza uzuri wa michoro? La. Michezo mingi huchorwa kwa pikseli takribani 320 kwa 240, na mashine yenyewe hulainisha kingo kabla picha haijatoka, kwa hiyo ishara safi huuonyesha ulainishaji huo waziwazi zaidi. Baadhi ya bodi zina chaguo la kuupunguza kwa kuziacha pikseli zilizojazwa kati ya zile halisi. Expansion Pak, kipande cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye mashine, nayo haihusiki na ishara ya video: huongeza kumbukumbu kutoka megabaiti 4 hadi 8, na ni michezo michache iliyoitumia kuchora kwa pikseli nyingi zaidi.

Hapa Afrika Mashariki, ambako televisheni za kichogo zilifuata mfumo wa rangi wa PAL kama wa Ulaya, liko jambo jingine linalochanganywa. Mashine ya Marekani ikitoa picha isiyo na rangi kwenye televisheni ya namna hiyo, watu husema imeharibika, kumbe televisheni haiutambui usimbaji wa rangi wa NTSC, mfumo wa Marekani. RGB haina usimbaji huo, hivyo rangi hurudi, mradi televisheni ina soketi ya SCART (soketi pana ya Ulaya inayopokea RGB) na inapokea hertz 60, yaani picha 60 kwa sekunde. Kinyume chake, RGB haiigeuzi mashine ya Ulaya ya hertz 50 kuwa ya 60.

Kikuza ishara kinaweza kuondolewa na mashine ikarudi ilivyokuwa. Bodi ya HDMI, kwa upande wake, huhitaji utepe mwembamba ulehemiwe juu ya miguu ya chipu iliyobanana mno, na mara nyingi plastiki ya nyuma ikatwe ili soketi ipate nafasi. Kazi hiyo apewe fundi aliyezoea bodi za simu.