SyntaxError kwenye skripti ya RSS: nani hasa analalamika?

Picha ya skrini ninayotumiwa mara nyingi na wanaojifunza Python ni hii: skripti ya kusoma mlisho wa RSS (faili la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa lebo, ambalo tovuti huorodheshea habari zake mpya) imegoma, na mstari wa mwisho kabisa unasema `syntax error`. Anayeituma huwa ameshapekua msimbo wake kutoka juu hadi chini, amehesabu mabano, amebadilisha alama za kunukuu, na hali iko vilevile. Natamani kumwokolea muda mtu huyu, maana mara nyingi msimbo wake hauna kasoro yoyote.

Kazi ya milisho ina vichanganuzi viwili, yaani programu zinazosoma maandishi na kukagua kama yamefuata kanuni zake. Cha kwanza ni cha Python yenyewe, kinachokagua msimbo wako kabla haujaanza kufanya kazi. Cha pili ni Expat, ambacho `xml.etree.ElementTree` hukitumia kusoma XML iliyotoka kwenye seva. Expat ikikwama, Python hutoa `ParseError`, na `ParseError` imeundwa kama mtoto wa `SyntaxError`. Ndiyo maana malalamiko ya viwili hivi yanafanana sura, na ndiyo maana watu humsaka mchawi kwenye nyumba isiyo yake.

Kuwatenganisha ni amri moja tu:

`python -m py_compile skripti.py`

Amri hii hukagua sintaksia (kanuni za uandishi wa msimbo) bila kuendesha skripti wala kugusa mtandao. Ikilalamika, kosa liko kwenye msimbo wako. Ikinyamaza, acha msimbo, nenda kautazame mlisho.

Tuanze na msimbo, maana huko mambo ni mepesi. Skripti nyingi za RSS zinazozunguka mtandaoni ziliandikwa enzi za Python 2, iliyoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Ukikuta `print entry.title` bila mabano, au `except Exception, e:` yenye mkato, umeshapata jibu. Msimbo ulionakiliwa kutoka kwenye makala huja na alama za kunukuu zilizopinda, na Python ya sasa hukutajia herufi yenyewe: `invalid character '“' (U+201C)`. Mabano yasiyofungwa yalikuwa yakiwasumbua watu zaidi, kwa sababu mshale ulielekezwa kwenye mstari unaofuata, ambao hauna hatia. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021 unaambiwa waziwazi `'(' was never closed`. Kama bado unatumia toleo la zamani, tazama mstari ulio juu ya ule unaolaumiwa.

Sasa tuje kwenye mlisho. Ujumbe wenyewe ni huu:

`xml.etree.ElementTree.ParseError: syntax error: line 1, column 0`

Mstari wa 1 unaotajwa hapa ni wa mlisho, si wa skripti yako. Expat inasema kwamba herufi ya kwanza kabisa iliyopewa haifanani na mwanzo wa XML. Usibahatishe; chapisha ulichopokea (hapa `jibu` ni kile ulichorudishiwa na `requests.get`):

`print(jibu.status_code, repr(jibu.content[:200]))`

Hiyo `repr` usiiache, kwa sababu ndiyo inayoonyesha nafasi tupu na baiti zisizoonekana kwa macho. Mara nyingi utakuta maandishi matupu kama `Access denied`. Seva imekukatalia, lakini maktaba ya `requests` haipigi kelele ikipokea 403 mpaka uiambie, kwa hiyo maneno ya kukataliwa yamepelekwa kwa Expat kana kwamba ni habari. Weka `jibu.raise_for_status()` kabla ya kuchanganua, na kosa litajitaja kwa jina lake halisi.

Ujumbe mwingine nao una maana zake. `no element found` kwenye mstari wa 1, safu ya 0, maana yake umepokea faili tupu. `XML or text declaration not at start of entity` maana yake kuna mstari mtupu au nafasi kabla ya `<?xml`, jambo linalotokea sana kwenye tovuti za PHP ambazo faili lake mojawapo limeacha mistari mitupu baada ya `?>`. `mismatched tag` mara nyingi ni ukurasa wa HTML uliokuja badala ya mlisho.

Kinachosumbua kuliko vyote ni alama ya `&`. Tazama kiungo hiki:

`<link>https://example.com/?p=214&lang=sw</link>`

Kivinjari kinakifungua bila shida. Expat inakataa kwa `not well-formed (invalid token)`, kwa sababu ndani ya XML `&` huanzisha kifupisho; ilitakiwa iandikwe `&amp;lang=sw`. Ukiikuta `&nbsp;`, utaambiwa `undefined entity`, kwani XML yenyewe inavijua vifupisho vitano tu: `amp`, `lt`, `gt`, `quot` na `apos`. Kupapata mahali penyewe, tumia nafasi iliyohifadhiwa ndani ya kosa (`e` ni kosa ulilolikamata kwa `except ParseError as e`; `m` ni mstari, `s` ni safu):

`m, s = e.position`
`print(jibu.content.splitlines()[m-1][max(0, s-40):s+40])`

Hii husaidia sana pale mlisho mzima ulipobanwa kwenye mstari mmoja mrefu.

Tafadhali usiirekebishe kwa kubadilisha kila `&` kuwa `&amp;`. Zile zilizokuwa sahihi zitageuka `&amp;amp;` na vichwa vya habari vitaharibika. Kanuni za XML za mwaka 1998 zinakitaka kichanganuzi kisiendelee na kazi kikikuta kosa la namna hii, kwa hiyo ugumu wa Expat si ubaya wake. Kwa milisho ya watu wengine mimi hutumia `feedparser`, iliyoanzishwa na Mark Pilgrim: hujitahidi kusoma hata mlisho mbovu, kisha huweka alama yake ya onyo, `bozo`, kuwa 1 na kuhifadhi sababu kwenye `bozo_exception`. Rekodi sababu hiyo kila inapotokea, halafu mwandikie mwenye tovuti ukimtajia mstari, safu na kipande chenyewe chenye kosa. Akirekebisha yeye, wasomaji wote wa mlisho huo wamepona kwa mpigo.