Chogoria hadi Ziwa Michaelson: yanayosemwa kuhusu mto na yaliyo kweli

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, njia ya Chogoria hupenya msitu mzito, ikapita mianzi na miti ya midobore, kisha ikaibuka kwenye nyika ya juu. Mto Nithi huteremka jirani yake, na maji yake huanzia Ziwa Michaelson, karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu asiyetaka kilele huenda na kurudi kwa siku nne au tano. Ni matembezi, si kupanda kwa kamba, na hapo ndipo watu hujidanganya: hufunga mizigo kama waendao kando ya mto wa kijijini. Mto wenyewe umepewa sifa nyingi ambazo huku juu hauna.

"Ukipotea, fuata mto, utafika kwa watu."

Huu ndio ushauri mbaya kuliko yote, na husemwa na watu wenye akili zao. Kwenye nchi tambarare una mantiki. Mlima Kenya umekatwa na mabonde yenye kina, na njia karibu zote hufuata migongo iliyo kati yake. Atakayeshuka na maji kutoka Ziwa Michaelson ataingia Bonde la Gorges, ambalo kuta zake ni magenge, na maji huruka kwenye maporomoko ya Vivienne. Akipona hapo, chini zaidi kuna maporomoko ya Nithi. Juu ya poromoko mawe huwa na utelezi wa kijani usioonekana, na mtu aliyechoka hujaribu kuteremka mahali ambapo hataweza kurudi kupanda.

Ndani ya msitu mambo hayawi mepesi. Kingo za vijito hujaa mianzi iliyoanguka ikapandana, na mita 100 zaweza kula nusu saa. Kisha kuna kelele. Maji yanayonguruma hukuzuia kusikia tawi likivunjika, nayo humzuia nyati au tembo kukusikia ukija, mkakutana hatua kumi. Hata ukiwa njiani, kila mahali njia inapokaribia maji piga makofi au ongea kwa sauti kabla ya kona. Ukimwona mnyama, simama, rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, mpe nafasi ya kuondoka. Usijipenyeze kati ya mama na ndama wake hata kama hapo ndipo njia ilipo.

Ukigundua umepotea, simama kwanza. Rudi ulikotoka hadi mahali unapopatambua bila shaka. Ukishindwa, panda kuelekea mgongo wa karibu: huko kuna uwezekano wa njia, wa kuonekana, na wa mtandao wa simu. Puliza filimbi mara tatu, pumzika dakika moja, rudia. Giza likikukuta, baki hapo, vaa kila kitu kikavu ulicho nacho na uketi juu ya mkoba, si juu ya udongo. Huku ikweta jua likizama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya dakika ishirini na kitu huoni mguu wako.

"Bila mtandao, ramani ya simu haifanyi kazi."

Simu hupokea mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti, si kwenye mnara. Kinachohitaji mtandao ni kupakua ramani, na hilo lifanye ukiwa Chogoria mjini. Adui wa simu huku ni baridi: betri iliyosoma asilimia 40 yaweza kuzima ghafla alfajiri. Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili, na usiku lala nayo.

"Maji ya mlimani ni safi, ona hata samaki wanaishi."

Trauti wa Ziwa Ellis, lililo njiani kabla ya Michaelson, waliletwa na binadamu, na wanachotaka ni maji baridi yenye oksijeni nyingi. Kuwepo kwao hakusemi lolote kuhusu vimelea vya giardia. Pimbi hunya kwenye mawe, nyati hushuka kunywa, na juu ya kila kambi kuna kambi nyingine yenye vyoo vyake au isiyo navyo.

Kuchemsha kunatosha, ingawa wengi hulitilia shaka baada ya kusikia kwamba kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 86 au 87 tu. Joto hilo huua vimelea vya tumboni vizuri kabisa. Yaache yatokote dakika tatu. Kisichowezekana kwa joto hilo ni kuivisha maharage makavu. Utamaliza gesi yote na bado yagonge meno. Beba tambi, uji, unga laini, au githeri uliyoichemsha ikaiva nyumbani kwa chakula cha siku ya kwanza.

Vidonge vya klorini hufanya kazi polepole kwenye maji baridi, kwa hiyo nusu saa iliyoandikwa kwenye pakiti ifanye saa moja au zaidi, na ujue kwamba kriptosporidi, kimelea kingine cha tumboni, huvumilia klorini. Chujio zuri huwazuia giardia na kriptosporidi wote, lakini lina kasoro isiyoonekana: mirija yake myembamba inayochuja, ikiganda ikiwa na maji ndani, hupasuka. Chujio litaendelea kupitisha maji, tena kwa kasi nzuri, bila kuchuja kitu. Likung'ute baada ya kulitumia, lifunge kwenye mfuko wa plastiki, lilaze nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Kama liliwahi kuganda, lihesabu limekufa.

"Mimi hukimbia kila asubuhi, ugonjwa wa mwinuko ni wa wazee na wavivu."

Mazoezi hayakingi. Kijana mwenye nguvu ndiye huumia haraka zaidi, kwa sababu hupanda haraka zaidi. Kwenye mita 4,000 kila pumzi ina takriban asilimia 62 ya oksijeni ya pwani, na mwili huhitaji siku, si ujasiri, kuzoea.

Hatari ya njia hii ni gari. Mji wa Chogoria uko chini ya mita 2,000, geti la hifadhi liko karibu 2,950, na landikruza yaweza kukufikisha mwisho wa barabara, karibu 3,300, siku hiyohiyo. Ukitoka hapo moja kwa moja kwenda Michaelson umepanda zaidi ya mita 2,000 kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni. Lala usiku wa kwanza getini, wa pili Ziwa Ellis, karibu 3,470, na wa tatu ndipo Michaelson. Hiyo inakaribiana na kanuni inayotumiwa na madaktari: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa usiku mmoja.

Kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au kukosa hamu ya kula: usipande zaidi siku hiyo. Mtu akiyumba anapotembea kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi hata akiwa amekaa, ashuke mara moja akiwa na mwenzake, hata kama ni usiku. Hangojewi apate nafuu asubuhi. Ndiyo maana hakuna aliyezoea mlima huu anayekubali mtu aende peke yake. Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea ikianzwa siku moja kabla, kwa ushauri wa daktari. Haikupi ruhusa ya kuruka usiku wa getini.

"Tuko ikweta, baridi gani?"

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kila mita 1,000 unazopanda. Mchana wa nyuzi 24 Chogoria huwa nyuzi 10 hivi ziwani, na usiku huteremka chini ya sifuri. Asubuhi utaona maji yaliyotuama ndani ya majani ya mmea mkubwa wa lobelia yamefunikwa na barafu nyembamba.

Hata hivyo wengi huumizwa mapema zaidi, saa nane mchana, kwenye nyuzi 10, wakiwa wamelowa. Jinzi na fulana ya pamba hunywa maji na kuyashikilia, upepo ukavuta joto lote. Dalili ya kwanza ni mikono: mtu hawezi kufunga zipu. Kisha anaanza kuongea kama mlevi na kukataa kwamba ana baridi. Mvue nguo za maji, mpe kavu, mfunike kichwa, mpe kitu kitamu na cha moto. Usimpe "kidogo cha kupasha": pombe hufungua mishipa ya ngozi, akajisikia vyema huku joto la ndani likitoroka. Seti moja ya nguo kavu ifunge kwenye plastiki, na isiguswe mchana kwa sababu yoyote.

Jua nalo lipo. Hewa ikiwa nyembamba miale huunguza zaidi, na huunguza hata kwenye ukungu. Ngozi nyeusi nayo huungua, midomo kwanza.

"Januari hakuna mvua."

Januari na Februari ni miezi mizuri, na Julai hadi Septemba pia hufaa. Lakini upande huu wa mlima hupokea mawingu ya Bahari ya Hindi, na hata wakati wa kiangazi kutwa hufuata mtindo uleule: asubuhi angavu, mawingu saa sita, manyunyu au mvua ya mawe alasiri. Kutoka Ellis hadi Michaelson ni saa tano au sita za kutembea. Anayeondoka saa moja asubuhi hufika hema likiwa bado linaweza kusimamishwa kavu.

Hili lahusu vijito pia. Kijito ulichovuka asubuhi kwa kuruka jiwe chaweza kukufika gotini jioni ingawa ulipo hapakunyesha, ilinyesha juu. Tafuta mahali papana ambapo maji yametandazika, si pale pembamba panapovutia. Fungua mkanda wa kiunoni wa mkoba ili uweze kuuacha ukianguka. Elekea maji yanakotoka, fimbo mbele, sogea kwa upande, mguu mmoja kwa wakati, viatu miguuni. Yakipita goti yakiwa na kasi, subiri. Huwa yanashuka baada ya saa chache.

"Lazima buti za bei."

Tazama miguu ya wapagazi: wengi wana gambuti. Nyika hii ni kinamasi kilichoinama, na buti ya ngozi ikishalowa haikauki hadi nyumbani. Gambuti hutosha hadi Ellis ukiwa na soksi mbili na ukubwa wa ziada, ila kwenye miamba iliyoteremka huteleza na kifundo hakishikwi. Kama una buti zinazokutosha vyema, zilete. Mpya za jana ziache dukani.

"Ziwa limetulia, tuogelee."

Maji hayafiki nyuzi 10. Ukijitosa, kwa dakika moja hivi pumzi hukatika na kuingia bila hiari yako, na kichwa kikiwa chini ya maji utavuta maji. Baada ya dakika kumi mikono haishiki. Anayetaka aingie taratibu hadi kiunoni, karibu na ukingo, taulo na nguo kavu zikiwa tayari. Sabuni isitumike, hata ile iliyoandikwa kwamba huoza. Chota maji, nenda hatua 70 kutoka ziwani, oga huko. Shimo la haja nalo liwe mbali hivyohivyo, kina cha sentimita 15 hadi 20.

"Majani makavu ya senesio ni kuni."

Senesio ni mti wa nyika ya juu, na yale matambara ya kahawia yanayoning'inia kwenye shina ni blanketi lake. Yakichunwa, shina huganda usiku na mti hufa, nao umekua kwa miaka mingi kufikia kimo cha mtu. Moto wa wazi haukubaliki hifadhini. Machi 2012 sehemu kubwa za nyika ya mlima huu ziliteketea. Pika kwa jiko la gesi, chagua mtungi wenye mchanganyiko wa propani, kwa kuwa butani tupu hugoma karibu na sifuri, na usiku uulaze karibu na chujio na simu.